Toleo la Septemba

Ilikuwa Novemba 1996, jioni, baada ya usafi wa mazingira na kabla ya kengele ya chakula. Msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa Ukerewe, aliingia maktaba na toleo la Agosti mkononi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba."

"Samahani Madam, toleo la Septemba liko wapi?"

Lilikuwa jarida la sayansi tulilokuwa tukililipia kwa mwaka kutoka nje ya nchi. Mwezi wa Agosti lilikuwa limeanza makala ya sehemu mbili kuhusu magugu maji ya Ziwa Victoria. Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi mmea huo wa Amerika ya Kusini ulivyopendwa duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, ukabebwa bustani kwa bustani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaonekana ziwani. Chini ya ukurasa iliandikwa kwamba sehemu ya pili itahusu namna ya kuyaondoa. Baba yake yule msichana alikuwa mvuvi, na alikuwa amemwandikia kwamba kuna siku mitumbwi haitoki kabisa mwaloni kwa jinsi magugu yalivyofunga maji.

"Halijafika," nilimjibu. "Likifika nitakuita."

Alishukuru akaenda. Nilibaki nimekaa na jibu langu, nikaona kwamba nimemdanganya mtoto wa watu. Sikujua kama halijafika. Huenda lilifika likachukuliwa, huenda lilikuwa ofisini, huenda halikutumwa kabisa. Nilifungua daftari la majarida nililorithi kwa mwalimu aliyenitangulia: tarehe, jina la jarida, toleo, sahihi. Kila lililofika lilikuwa na mstari wake. Septemba haikuwa na mstari, na Oktoba pia haikuwa nao, lakini daftari lilikwenda vizuri tu kutoka mstari hadi mstari, halina pengo hata moja. Jarida lisilofika halikuacha alama yoyote mahali popote, na miezi miwili ilikuwa imepita bila mimi kushtuka. Aliyeshtuka alikuwa msomaji.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Jiografia. Maktaba nilipewa juu ya vipindi vyangu, kama inavyokuwa katika shule zetu nyingi: unakabidhiwa ufunguo, daftari na muhuri, na unaambiwa uendelee palipoishia. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi Juni ukungu huingia hadi darasani na wasichana husoma wamejifunga khanga mabegani. Tulikuwa na majarida saba ya kulipia na matatu ya kupewa. Kwa shule ya sekondari ulikuwa utajiri, na ndiyo maana naona aibu hadi leo kwamba tuliulinda kwa daftari lile.

Nilianza kutafuta. Siku ya tatu nilikuta jibu masijala. Barua mbili za kukumbusha malipo zilikuwa zimekuja kwa jina la mwalimu aliyenitangulia, ambaye alikuwa amehamishwa. Karani, kwa uaminifu kabisa, alikuwa ameziweka katika jalada binafsi la yule mwalimu akisubiri anwani yake mpya. Muda tuliokuwa tumelipia uliishia na toleo la Agosti. Basi. Hakuna mwizi na hakuna mfuko wa posta uliopotea njiani. Mchapishaji alikuwa ameuliza mara mbili kama tunaendelea, na sisi tulikuwa tumenyamaza mara mbili.

Tangu siku hiyo sikuruhusu jarida lolote liandikishwe kwa jina la mtu. Anwani ikawa "Mwalimu wa Maktaba", jina la shule, na S.L.P. yetu. Walimu huhama, huolewa, huenda masomoni, lakini meza hubaki. Ni jambo dogo, na naliona likivunjwa kila mahali ninapopita.

Tulilipa upya. Niliomba tutumiwe pia matoleo ya miezi tuliyoikosa. Walijibu kwa heshima: Oktoba hadi Desemba yapo, yatakuja. Septemba limeisha ghalani.

Jumamosi moja nilipanda gari kwenda kumwona sista mmoja mzee aliyekuwa ametunza maktaba ya chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na alikuwa amestaafu katika nyumba ya masista. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akaniuliza nina daftari la namna gani. Nilipomweleza safu zake, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe unaandika wageni waliofika. Mwenye sherehe huandika walioalikwa. Ndipo hujua nani hajaja."

Alinipeleka kwenye chumba cha nyuma kulikokuwa na kabati fupi la chuma lenye droo nyembamba nyingi. Wakutubi huliita kadeksi. Ukivuta droo, kadi zimelala zikipandana kama vigae, kila moja ikiacha ukingo wake tu uonekane, na kwenye ukingo kuna jina la jarida. Kila jarida lina kadi yake. Kwenye kadi, miaka imeshuka upande wa kushoto, miezi imepangwa juu, na katikati ni visanduku. Hadi hapo nilielewa. Kitu ambacho sikuwa nimekiona popote ni kwamba visanduku vya mbele, vya miezi ambayo haijafika, tayari vilikuwa na maandishi ya penseli. Ilikuwa tarehe ambayo toleo linatarajiwa. Toleo likifika, tarehe halisi inaandikwa kwa wino juu ya ile ya penseli. Sista alivuta droo ya zamani, akapitisha kidole juu ya kadi iliyojaa wino, na kidole kikasimama penye kisanduku kimoja cha rangi ya kijivu. Toleo moja la mwaka 1968. Penseli tupu.

"Hili sijalipata mpaka leo," alisema, kama mtu anayemtaja ndugu aliyepotea.

Nilirudi shuleni nikanunua karatasi za manila, nikazikata kwa kipimo cha boksi la viatu. Sikuwa na kadeksi, na sikuihitaji kwa majarida kumi. Lakini kuandika ile penseli kulinifundisha kwamba sikuyajua majarida yangu hata kidogo. Ili uandike lini unalitarajia toleo, lazima ujue linatoka mara ngapi. Moja lilikuwa la kila mwezi, lakini Julai na Agosti huunganishwa, na asiyejua hilo angedai toleo ambalo halijawahi kuchapwa. Jingine lilikuwa la kila miezi mitatu. Jingine lilidai kuwa la kila miezi miwili, lakini nilipolipanga kwa miaka minne nyuma nikaona hutoka mara tano kwa mwaka, daima tano.

Pia tarehe ya kwenye jalada haisemi lini litafika. Lililokuja kwa ndege lilitukuta baada ya wiki tatu au nne. Lililokuja kwa meli lilichukua miezi miwili na nusu, mara nyingine mitatu, na mara nyingi yalifika mawili pamoja. Penseli yangu ikabidi ifuate mwenendo wa safari. Mwaka wa kwanza nilikosea sana. Mwaka wa pili nilikuwa naweza kusema, wiki hii tutapata lile la kijani, na likaja.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kipindi cha mwisho, nilipitia kadi zote nikitafuta kitu kimoja tu: penseli iliyopitwa na wakati. Haikuchukua robo saa. Wachapishaji wengi hutoa muda maalumu wa kudai toleo lililopotea njiani, miezi michache tu, na ukipita unalinunua upya ikiwa bado lipo. Ukisubiri ukaguzi wa mwisho wa mwaka, unachofanya ni kuhesabu hasara. Barua ya dai niliiandika fupi: jina la jarida, juzuu, toleo, mwezi, namba yetu ya mteja.

Hiyo namba ya mteja ndiyo iliyonionyesha tulichokuwa tukikitupa. Kila jarida la kulipia huja ndani ya bahasha au mfuko wa plastiki wenye kibandiko cha anwani, na juu ya anwani yetu huwa na mistari ya tarakimu ambayo hakuna aliyewahi kuitazama. Nilipoitazama, nikaona namba ya mteja, na katika majarida mengine nikaona pia mwezi ambao malipo yetu yanakoma. Kwa hiyo kila mwezi mchapishaji alikuwa akituandikia, nje kabisa ya bahasha, siku ya mwisho ya mkataba wetu, na sisi tulikuwa tukiwapa wasichana mifuko ile wafunikie madaftari yao. Niliyoyatafuta kwa siku tatu hadi masijala yalikuwa yamefunika daftari la Hesabu la mtoto wa kidato cha kwanza. Niliomba kibandiko kimoja cha kila jarida, nikakibandika nyuma ya kadi yake.

Wasichana wa kamati ya maktaba walianza kunisaidia, na walikuwa makini kuliko mimi. Kitu kilichowavuta ni ile namba ya ISSN, tarakimu nane zenye kistari katikati, ambayo jarida hubeba kama kitambulisho chake popote duniani. Tulikuwa na matoleo ya zawadi ya National Geographic, yale ya mpaka wa njano, nikawaonyesha: 0027-9358. Nikawaambia tarakimu ya mwisho haikuwekwa kwa kubahatisha. Zidisha ya kwanza kwa 8, ya pili kwa 7, ya tatu kwa 6, hivyo hivyo hadi ya saba kwa 2, ujumlishe. Walipata 102. Gawanya kwa 11, inabaki 3. Toa 3 kwenye 11, unapata 8, na ya mwisho ni 8. Walipiga kelele kiasi kwamba mwalimu wa zamu alichungulia dirishani. Jioni nzima walikagua kila jarida kwenye rafu. Walipokuta moja linaishia na herufi X wakadhani wamekamata kosa la wachapaji, mpaka mmoja akafikiri kidogo akasema, "Madam, ni kumi. Kumi haitoshi kwenye nafasi moja." Sikuwa nimemwambia.

Namba hiyo ina faida nyingine. Majarida hubadili majina, na jina likibadilika sana jarida hupewa namba mpya, hivyo mtunza kadi anajua kwamba hapa ameisha mmoja ameanza mwingine. Katika rafu ya zawadi tulikuwa na nakala chache za Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, na nyingine za Tanzania Notes and Records. Zilipangwa mbali mbali kama watu wasiojuana, kumbe ni mwili mmoja. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina ukoo mrefu zaidi. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilikuwa na taarifa yake, taarifa ikaja kuwa jarida, jarida likaitwa Swahili, kisha Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta makala ya miaka ya 1950 kwa jina la leo hapati kitu, akaondoka akiamini hakuna. Nilianza kuandika juu ya kadi: "limetoka kwa" na "limekwenda kwa". Maneno hayo mawili yameokoa wasomaji wengi kuliko orodha yoyote niliyowahi kuandaa.

Likizo ya Desemba niliamua kutengeneza kadi za majarida ya zamani pia, yaliyokuwa yamerundikwa rafu ya nyuma tangu kabla ya wakati wangu. Hapo kazi iliacha kuwa ya uhasibu. Nilipanga jarida moja lililochapwa Nairobi, nikajaza wino mwaka hadi mwaka, ghafla likakatika mwanzoni mwa 1977. Visanduku vitupu. Likaanza tena 1984. Nikaweka kalamu chini. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika pamoja na shirika la posta na simu lililokuwa la nchi zote tatu. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Nilikuwa nimefundisha mambo hayo darasani. Sikuwahi kuyaona yakiwa na umbo la rafu, na vumbi juu yake.

Jarida jingine, la Uingereza, lilikoma 1980 na kurudi 1993. Hilo nililielewa mara moja kwa sababu niliishi miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwepo, tulipanga foleni ya sabuni na sukari, na nani angeomba pauni Benki Kuu kwa ajili ya jarida la wasichana wa shule? Sheria ya fedha za kigeni ilipobadilika 1992 na maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa, ndipo mkuu wa shule wa wakati huo akalilipia tena. Lakini hakuna aliyeandika popote: tumelisimamisha, sababu ni hii. Kwa msichana wa 1996 miaka kumi na tatu ile ilikuwa tu mahali ambapo watu fulani walikuwa wazembe au wezi. Hilo liliniuma. Nikageuza kadi, nikaandika nyuma yake niliyoyajua.

Mhasibu wetu alikuwa mtu mwema na mkali. Ugomvi wetu wa kila mwaka ulikuwa wa kalenda. Fedha za shule zilipangwa kuanzia Julai, wachapishaji wanahesabu kuanzia Januari, na ankara zao hufika Oktoba au Novemba, wakati kifungu cha maktaba kimeshanunua chaki. Kila mara nilikwenda kwake na ankara mkononi kama mtu aliyepatwa na dharura. Mwaka mmoja nilikwenda Mei, bila ankara, nikiwa na karatasi moja: majarida saba, mwezi ambao kila moja linakoma, bei ya mwaka uliopita, na idadi ya wasichana waliolisoma. Akaisoma mara mbili. "Kumbe mwalimu unajua haya mapema hivi?" Fedha zikatengwa. Na karatasi hiyo ilinilazimisha nami kusema ukweli, kwa sababu jarida mojawapo lilikuwa limesomwa na watu wanne mwaka mzima. Tuliliacha, na safari hii niliandika sababu.

Lililosomwa kuliko yote halikuwa la kulipia. Jarida la Femina, ambalo baadaye liliitwa Fema, lilianza 1999 na likagawiwa bure kwa shule za sekondari. Lilizungumza na wasichana kuhusu miili yao, mapenzi, UKIMWI, kazi na fedha, kwa Kiswahili wanachokitumia wao. Furushi lilifika, likaisha kabla ya jua kuzama. Kwa kuwa lilikuwa la bure, hakuna aliyeliona kuwa mali ya maktaba, na toleo lililotangulia halikuonekana tena hata nakala moja. Nililitengenezea kadi, penseli na wino kama mengine. Nakala mbili za kila furushi zilipigwa muhuri na kubaki. Msichana anayeingia kidato cha kwanza naye ana haki ya kusoma alichosoma dada yake.

Na kuna upotevu wa ndani. Majarida mengi yalipotelea shuleni kwetu wenyewe kuliko njiani. Yalipita ofisini kwanza, na ofisini kuna viti vya wageni. Mkuu wetu wa shule alikuwa mama aliyependa kusoma, na hilo lilikuwa neema, lakini jarida likiingia mezani kwake lilikuwa limeingia. Nilisitasita mwezi mzima, kisha nikamwendea.

"Shikamoo, mama. Naomba, jarida likifika, tulipige muhuri kwanza, tuliandike, halafu nitakuletea mimi mwenyewe kabla ya mtu yeyote kulisoma."

Alinitazama, akavuta mtoto wa meza, akatoa matano. "Haya nayo yaandike," akasema. Tangu siku hiyo kijana wa kuchukua barua alipita maktaba kabla ya ofisini.

Mwaka 2001 shule moja jirani ilipunguza majarida yake ya zamani, ikatuletea maboksi matatu. Nilikuwa nayapanga sakafuni pamoja na wasichana wa kamati, nikiita majina na mmoja wao akiangalia kadi. Nikaita lile jarida la sayansi, nikataja Septemba 1996. Yule wa kadi akanyamaza. "Madam, hili lina penseli."

Nililipiga muhuri. Nikaandika tarehe ya siku ile kwa wino, juu ya penseli yangu ya miaka mitano. Wasichana walipokwenda kula nilikaa nikaisoma sehemu ya pili. Ilihusu fukusi, mdudu mdogo wa kahawia wa Amerika ya Kusini anayekula magugu maji tu, na jinsi wataalamu walivyokuwa wakimzalisha kwenye mabeseni na kumwachia ziwani, ufuko kwa ufuko. Kufikia mwaka ule nilioisoma, magugu yalikuwa yameshapungua sana, na mtoto wa Ukerewe alikuwa amemaliza kidato cha nne tangu 1997. Nilitafuta anwani ya nyumbani kwao kwenye rejesta ya zamani, nikapeleka kurasa zile kutolewa fotokopi.